Skuta za kwenda kazini: Faida iko kwa mwenye chombo, si kwa mkodishaji

WAKAZI wa jiji la Paris waliopiga kura Aprili 2, 2023 walitoa uamuzi uliowashtua wafanyabiashara wengi wa usafiri. Karibu asilimia 89 ya kura zilizopigwa zilikataa skuta za umeme za kukodi ziendelee kuwapo katika mitaa ya jiji hilo.

Ilipofika mwisho wa Agosti mwaka huo, skuta zipatazo 15,000 za kampuni tatu, Lime, Dott na Tier, zilikuwa zimeondolewa. Biashara iliyoingia Paris mwaka 2018 kwa kishindo ilikuwa imefungashwa virago katika muda wa miaka mitano tu.

Waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia nane ya waliojiandikisha, na wenye kampuni walilalamikia jambo hilo. Hata hivyo, kura hiyo haikugusa skuta ya mtu binafsi. Mfanyakazi aliyenunua yake, iwe ya umeme au ya kusukuma kwa mguu, aliendelea kwenda nayo kazini kama kawaida.

Hapo ndipo lilipo somo kwa mtu yeyote anayefikiria usafiri wa bei nafuu. Chombo ni kilekile: magurudumu mawili, ubao wa kusimamia na usukani. Kilichokataliwa Paris ni namna ya kukifanyia biashara, si chombo chenyewe.

Ukweli huo unaonekana wazi zaidi katika sehemu mbili zilizo mbali sana na Paris, ambako skuta ya mguu imedumu kwa miongo kadhaa bila programu ya simu wala mwekezaji mkubwa. Moja ni wilaya ya wakulima ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Nyingine ni Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ilivyotoka kwa watoto ikafika kwa wafanyakazi

Kwa miaka mingi skuta ya mguu ilihesabiwa kuwa mchezo wa watoto. Aliyeigeuza kuwa chombo cha mtu mzima mjini ni Wim Ouboter, Mswisi wa Zurich aliyewahi kufanya kazi ya benki.

Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitaka kwenda kununua soseji katika kibanda anachokipenda. Palikuwa mbali mno kwa kutembea, lakini karibu mno kiasi kwamba haikuwa na maana kuwasha gari au kutoa baiskeli ghalani. Akaona kuna pengo la usafiri ambalo hakuna aliyelijaza.

Skuta yake ya aluminiamu yenye kukunjwa iliingia sokoni mwishoni mwa miaka hiyo, na mwaka 2000 skuta za aina hiyo zikauzwa kwa mamilioni nchini Marekani kwa jina la Razor. Bidhaa za kuiga zikafurika, bei ikaporomoka, na kufikia mwaka 2001 wimbi la kwanza lilikuwa limekwisha.

Pamoja na hayo, watu wazima wachache hawakuiacha. Walitaka yenye magurudumu makubwa zaidi, usukani mrefu na ubao imara, na viwanda vikawatengenezea. Huko Finland na Jamhuri ya Cheki zikatokea hata skuta zenye gurudumu la mbele linalolingana na la baiskeli, ambazo hutumika kwa mazoezi, mashindano na safari za kwenda kazini.

Hesabu ya mfanyakazi

Kabla ya kuangalia kampuni zilivyoanguka, inafaa kwanza kuangalia hesabu ya mtumiaji mwenyewe.

Mtu mzima hutembea kwa mwendo wa takriban kilomita tano kwa saa. Kwa skuta ya mguu, katika njia tambarare na laini, anaweza kwenda kilomita 12 kwa saa bila kujitesa. Maana yake ni kuwa safari ya kilomita tatu, inayochukua dakika 36 kwa miguu, inachukua dakika 15.

Anayekwenda na kurudi huokoa dakika 42 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hizo ni zaidi ya saa 15. Kwa mtu anayelipwa kwa siku au mwenye genge la kufungua alfajiri, saa 15 si jambo dogo.

Faida nyingine ni za kawaida lakini ndizo zinazomgusa mfanyakazi wa ofisini. Skuta haina mnyororo, hivyo haichafui suruali wala haing'ang'anii sketi. Ya kukunjwa ina uzito wa kilo tano hivi, huingia ndani ya basi au treni na kuwekwa chini ya meza. Mwizi wa kuikata kufuli nje haipati.

Hata hivyo, chombo hiki kina mipaka yake. Mpaka wa kwanza ni gurudumu. Lile dogo na gumu hukwama kwenye ufa wa lami au jiwe, na mwendeshaji hurushwa mbele. Ndiyo sababu skuta za watu wazima za mjini hutumia gurudumu la milimita 200, mara mbili ya lile la watoto, na bado gurudumu hilo halifui dafu kwenye mchanga na matope.

Mpaka wa pili ni mwili. Wengi hudhani mguu unaosukuma ndio unaochoka, kumbe ni ule unaosimama, kwa sababu hukunjwa goti kila mara mwenzake anapofika chini. Ubao ukiwa juu, uchovu huja upesi. Anayeijua kazi hubadilisha miguu kila baada ya misukumo michache.

Mpaka wa tatu ni mvua na mteremko. Skuta nyingi ndogo hufungwa breki kwa kukanyaga bati lililo juu ya gurudumu la nyuma. Bati hilo likilowa, breki hupungua nguvu pale hasa inapohitajika.

Kwa ufupi, ni chombo cha kilomita moja hadi tano, katika njia inayopitika. Aliyekinunua kwa kazi hiyo hajuti. Aliyekinunua kwa kazi nyingine hukiacha uvunguni.

Kampuni zilivyojichimbia shimo

Mwaka 2017 kampuni ya Bird ilianza kutawanya skuta za umeme katika mitaa ya Santa Monica, California. Mteja aliifungua kwa simu, akalipa dola moja ya kuanzia na senti 15 kwa kila dakika, kisha akaiacha popote alipofika. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuthaminiwa kuwa na zaidi ya dola bilioni moja.

Novemba 2021 iliingia katika soko la hisa la New York. Septemba 2023 iliondolewa katika soko hilo, na Desemba mwaka huohuo ikaomba mahakamani ulinzi dhidi ya wadai wake.

Nini kilitokea? Takwimu za jiji la Louisville, Kentucky, za mwaka 2018 zilipochambuliwa zilionyesha kwamba skuta za mwanzo za kukodi zilidumu mtaani kwa wastani wa siku 28 hivi. Skuta za aina iliyotumika wakati huo ziliuzwa madukani kwa takriban dola 500.

Chukua kalamu upige hesabu. Dola 500 ukizigawa kwa siku 28 ni karibu dola 18 kwa siku, za kurudisha bei ya kununulia tu. Safari ya dakika 10 iliingiza dola 2.50. Kwa hiyo skuta moja ilihitaji safari saba kila siku kabla ya kumlipa mtu wa kuikusanya na kuichaji usiku, ambaye malipo yake yalianzia dola tano hivi kwa skuta. Hapo tayari ni safari tisa, na bado hakuna matengenezo, bima, ushuru wa jiji wala mishahara.

Kampuni zilijitahidi kurekebisha kasoro hiyo kwa kutengeneza skuta imara zaidi, na maisha ya chombo yakarefuka. Lakini tatizo la msingi lilibaki. Anayekodi kwa dakika 10 hana sababu ya kukitunza chombo. Hukiacha katikati ya njia ya waenda kwa miguu, na lawama humwendea kila mwenye skuta.

Miji ikaanza kuchoka. Baada ya Paris, Melbourne ilisitisha skuta za kukodi katikati ya jiji mwaka 2024, na Madrid ikafuta vibali vya kampuni tatu mwaka huohuo. Si kwamba biashara hiyo imekufa duniani, kwani ipo miji mingi inayoendelea nayo kwa masharti makali. Ila ndoto kwamba ingekuwa mgodi wa dhahabu imekwisha.

Sasa mtazame mteja. Aliyelipa dola 2.50 kwenda na dola 2.50 kurudi, kwa siku 22, alitumia dola 110 kwa mwezi. Skuta nzuri ya mguu ya dola 150 ingejilipa kwa siku 30 za kazi, kisha ingeendelea kumtumikia bila nauli. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Lancaster: Skuta ya mkulima

Wilaya ya Lancaster inajulikana kwa jamii ya Waamish, Wakristo wanaoishi kwa kilimo na ufundi, ambao hawamiliki magari na husafiri kwa mikokoteni ya farasi.

Katika jamii hiyo ya Lancaster hata baiskeli haikubaliki. Sababu wanayoitoa si kwamba baiskeli ni mbaya, bali kwamba humpeleka mtu mbali kirahisi na kuitenganisha familia. Skuta ya mguu imeruhusiwa, kwa kuwa hufupisha safari ya karibu bila kuifuta ile ya mbali kuwa mbali. Zipo jamii nyingine za Waamish, hasa katika majimbo ya Ohio na Indiana, ambazo zimeruhusu baiskeli.

Matokeo yake ni kwamba huko Lancaster mtu husukuma skuta kwenda karakana, kinamama huitumia kwenda dukani na watoto huenda nayo shule. Si ile ndogo ya kukunjwa. Ina magurudumu ya baiskeli yenye matairi ya upepo, breki za mkononi na kapu mbele ya usukani.

Kibiashara, jambo la kuzingatia ni kwamba skuta hizo huundwa katika karakana za hukohuko. Vipuri vyake ni vya baiskeli: tairi, mrija, spoku na breki. Fundi anayejua baiskeli anajua pia skuta. Chombo kikiharibika hakisubiri meli, na fedha ya matengenezo hubaki kijijini.

Goma: Chukudu hulisha familia

Ukitoka Lancaster, mahali pengine ambapo skuta ya mguu ni chombo cha kazi cha mtu mzima ni Kivu Kaskazini. Huko huitwa chukudu, nayo imetengenezwa karibu yote kwa mbao.

Mafundi hutumia mbao ngumu za mumba na mikaratusi. Magurudumu ya mbao huvishwa vipande vya tairi kuukuu la gari, na ubao wake ni mrefu wa kutosha kubeba magunia. Kwenye mteremko mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma au ukisaidia kupunguza mwendo. Kwenye mlima hushuka na kuisukuma kwa mabega.

Chukudu moja hubeba mamia ya kilo. Viazi, kabichi, maharage, mbao na mkaa hushuka nayo kutoka Kibumba na vijiji vingine vilivyo kwenye nyanda za juu kaskazini mwa mji, zaidi ya kilomita 20 kutoka sokoni.

Ardhi ya Goma yenyewe inaeleza kwa nini chombo hiki kinafaa. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, uji wa moto ukapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mei 2021 ulilipuka tena. Mawe hayo makali huyala matairi ya magari, lakini gurudumu la mbao lililovikwa raba halipati pancha.

Kwa upande wa gharama, taarifa za habari za miaka ya 2000 zilitaja bei ya chukudu kuwa makumi kadhaa ya dola, kiasi ambacho kijana anaweza kukikusanya kwa muda. Haihitaji mafuta. Fundi wa mbao yuko mtaani, na kipuri cha tairi kuukuu hakikosekani.

Heshima yake mjini si ya maneno matupu. Katika mzunguko mmoja wa barabara za Goma imesimamishwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, ikimwonyesha mtu akisukuma chukudu yenye mzigo. Ni miji michache duniani iliyomjengea mchukuzi sanamu.

Hata hivyo, si vyema kuipaka sukari kazi hii. Ni kazi ya jasho inayomaliza magoti na mgongo. Mzigo mzito kwenye mteremko bila breki ya uhakika ni hatari kwa mwendeshaji na kwa wapita njia. Sehemu ya mkaa inaobeba imetoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, na hapo riziki ya leo inakula mtaji wa kesho.

Kubwa zaidi ni vita. Kibumba ilikuwa mstari wa mbele wa mapigano mwishoni mwa mwaka 2022, na mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma yenyewe. Barabara ya Kibumba inapofungwa, mkulima hubaki na kabichi shambani, mama wa sokoni hukosa bidhaa, na mwenye chukudu hukosa vyote viwili.

Kinachoonekana hapo ni kwamba umiliki wa chombo humlinda mtu dhidi ya bei ya mafuta na nauli, lakini haumlindi dhidi ya barabara isiyopitika. Hilo ni jukumu ambalo hakuna mchukuzi anayeweza kulibeba peke yake.

Nini kifanyike

Katika miji ya Afrika Mashariki, wafanyakazi wengi huenda kazini kwa miguu, si kwa kupenda bali kwa sababu nauli za kila siku humaliza mshahara. Wengine hutembea kilomita moja au mbili hadi kituoni, kisha hupanda daladala, matatu au basi la mwendokasi. Ni pengo lilelile aliloliona Ouboter, isipokuwa hapa linawagusa watu wengi zaidi.

Mfanyabiashara anayetaka kuliziba anapaswa kujiuliza maswali matatu kabla ya kuagiza kontena.

Kwanza, gurudumu linafaa njia ipi? Skuta ndogo ya kukunjwa inafaa kandokando ya barabara kuu yenye njia ya miguu ya zege au lami, kama ile iliyojengwa sambamba na barabara ya mabasi yaendayo haraka ya Kimara hadi Kivukoni, Dar es Salaam, ambayo huduma yake ilianza mwaka 2016. Katika mtaa wa mchanga au udongo mwekundu wakati wa masika, itakuwa mzigo wa kubeba begani. Huko kinachofaa ni gurudumu la baiskeli.

Pili, nani ataitengeneza? Chombo ambacho vipuri vyake haviko kwa fundi baiskeli wa mtaani kina maisha mafupi. Kwa mantiki hiyo, mchomeleaji mwenye karakana ndogo, akichukua magurudumu ya baiskeli na bomba la chuma, anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko mwagizaji. Mafundi wanaounda mikokoteni na maguta tayari wana ujuzi huo.

Tatu, mtumiaji ataimiliki vipi? Ikiwa bei nzima ni kikwazo, dawa ni mkopo wa kulipa kidogo kidogo kupitia saccos, vikoba au mwajiri, ili mwisho wa malipo chombo kiwe cha mfanyakazi. Bodaboda nyingi zimepatikana kwa njia hiyo, na kwa skuta deni lingekuwa dogo zaidi.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Njia ya miguu iliyojaa mitaro isiyofunikwa, magari yaliyoegeshwa na marundo ya kokoto haimfai mwenye skuta, na wala haimfai mwenye magongo, kiti cha magurudumu au mama mwenye mtoto. Kuisafisha hakuhitaji mkopo wa nje.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wawekezaji wa skuta za kukodi walikuwa na programu za kisasa na mabilioni ya dola, lakini hesabu ya chombo kinachodumu siku 28 ikawashinda. Seremala wa Goma hana hisa sokoni, ila anajua chukudu yake itakanyaga wapi, itabeba nini na nani ataitengeneza ikivunjika. Anayetaka kumpeleka mfanyakazi kazini kwa gharama nafuu aanzie hapo.